Mtungi na Mvua

Katika vitabu tulivyosomeshwa shuleni mlikuwamo habari za majira ya kuchipua. Theluji iliyeyuka, miti ikavaa majani, na wake wa Uingereza wakafungua madirisha, wakakung'uta mazulia na kununua vikombe vipya. Niliyakariri majira hayo nikapata alama nzuri katika mtihani, lakini sikuwahi kuyaona. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, na mwaka wetu haukatwi vipande vinne. Walakini tunalo jambo lililo karibu nayo. Tangu Juni mpaka Septemba nchi hukauka, majabali ya vilima vyetu huota joto kama mafiga, na vumbi huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Kisha, mnamo Oktoba, ngurumo husikika usiku kutoka ziwani, na kila mwenye nyumba hukumbuka kwamba ana nyumba.

Hapo mitaa ya Kirumba na Mabatini hubadilika. Mafundi hupanda juu ya mapaa kuziba matundu ya mabati. Magodoro huanikwa juu ya majabali, na jabali moja laweza kuchukua magodoro ya nyumba nne, pamoja na ugomvi wa wenyewe. Mapipa husuguliwa na kuwekwa chini ya michirizi. Mvua ya kwanza haikingwi, maana huosha vumbi na uchafu wa ndege wa miezi minne. Ya pili ndiyo ingojewayo. Mwezi wa Novemba, kama mwaka ni mwema, meli ya Bukoba huleta senene pamoja na ndizi, na mtu awapendaye hatafuti anasa nyingine. Mimi nawapenda. Mke wangu, aliyelelewa Tanga, siku hizo hula upande wa pili wa meza.

Nyumbani kwetu mwenye kuyapokea majira hayo alikuwa mama yangu, au mayu, kama tusemavyo Wasukuma. Alihamia kwetu kutoka Magu baada ya baba kufariki, akaja na sanduku, vitenge viwili vya zamani vilivyofumwa Mwatex, na mtungi mmoja. Mtungi aliuweka pembeni mwa baraza, juu ya ngata, mahali upepo upitapo. Wasomaji wengi wanajua kazi yake: maji hupenya kidogo kidogo katika udongo, upepo huyakausha kwa nje, nayo yakikauka huchukua joto na kuyaacha ya ndani yakiwa baridi. Kwa hiyo mtungi hufanya bidii zaidi wakati wa kiangazi, na hulegea hewa ijaapo unyevu. Tena vitundu vyake huziba kwa chumvi za maji. Kwa sababu hiyo kila mwaka, kabla ya mvua, mayu aliusugua kwa mchanga, akauanika, akaujaza upya. Shingo yake ilikuwa na ufa uliofungwa kwa waya.

Mwishoni mwa Septemba, mwaka 2019, mayu alilazwa hospitali majuma mawili. Tukaona tumfurahishe. Tulipaka chumba chake chokaa, tukatia mapazia mapya, tukanunua ndoo ya plastiki yenye bomba. Katika kusafisha huko nikauchukua mtungi nikautupa korongoni nyuma ya nyumba. Naandika sasa kwamba niliutupa. Siku ile nilisema nimeuondoa. Mke wangu akauliza, "Umemwuliza mama?" Nikajibu kwamba mgonjwa hasumbuliwi kwa habari ya vyungu.

Mayu alirudi, akayashika mapazia, akayasifu, akatushukuru. Kisha akatoka barazani. Mimi nilitupa mtungi nikasahau ngata. Aliiokota, akaikung'uta, akaingia nayo chumbani bila neno. Jioni nilimpelekea maji ya friji. Alionja mara moja akanirudishia bilauri. "Asante, baba. Yaniuma meno."

Siku ya tatu nilishuka korongoni alfajiri. Palikuwa na vigae vichache. Vingine watoto wamevichukua kuchezea. Nikazunguka masokoni, nikakuta plastiki na aluminiamu. Nilifika hata Bujora, Kisesa, penye makumbusho ya Wasukuma, nikatazama vyombo vya mababu vilivyowekwa kwa heshima, mimi niliyetoka kuvunja kimoja. Nilimkumbuka Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake ndefu, aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na iliyochapishwa baadaye kwa Kiswahili, imejaa habari za vyombo, vyakula na kupokea wageni. Nilipokuwa mwanafunzi nilizirukaruka kurasa hizo nikitafuta kisa. Nilizisoma tena wiki ile, polepole, na sikuona mahali pa kuruka.

Mwishowe nilipata mtungi kwa mama mmoja auzaye kando ya barabara ya Magu. Mayu aliugonga kwa kidole, akasikiliza, akasema, "Huu bado mtoto." Siku tatu aliujaza na kuyamwaga maji, kwa kuwa yalikuwa na ladha ya udongo. Siku ya nne aliyanywa, akakaa kimya kidogo.

"Ule alininunulia baba yako," akasema, "siku aliyorudi kuuza pamba, mwaka uliofuata mvua kubwa, ziwa likipanda."

Nilihesabu kimoyomoyo. Mvua zile ni za mwisho wa mwaka 1961; kufikia mwaka 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Basi mtungi ulikuwa na umri kunizidi.

"Mayu, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Nilikuwa kitandani."

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa juma lile, tukaiacha ipite. Ya pili ilipoanza kupiga mabati, mayu aliniita niupeleke mtungi chini ya mchirizi. Nilipouinua niliiona chini yake ngata ile ile kuukuu, ameizungushia kipande cha kitenge cha Mwatex. Alisimama mlangoni na taa, akinitazama nilivyoshika.

"Mikono miwili," akasema.