Meza ya babu na ndege ya nchi ambayo haikuzaliwa

Treni ya kutoka Wolverhampton kwenda Shrewsbury, Jumamosi ile ya Novemba, ilijaa wanaume wazima waliopakata maboksi kama wamebeba keki za harusi. Nasi tulikuwa na letu, katoni ya ndizi kutoka dukani. Baba mkubwa, kaka wa baba yangu, alikaa dirishani. Mjukuu wake wa miaka 10 alikaa katikati na katoni mapajani. Ndani yake, juu ya taulo kuukuu, ilikuwamo ndege ya plastiki ya sentimita 36, nyeupe tupu, bila jina, bila bendera, bila namba.

Babu na mjukuu walikuwa hawasemezani tangu Alhamisi usiku. Ugomvi wao ulikuwa ndege ile ivae alama za nani.

Nilikwenda Uingereza kumjulia hali baba mkubwa, aliyepata kiharusi chepesi mwanzoni mwa mwaka. Mguu umerudi, kauli imerudi, ila mkono wa kulia bado mzito. Mtaalamu wa mazoezi alimpa kazi za vidole: kufunga vifungo, kuokota sarafu, kubana na kubandua vibanio vya nguo. Nimeandika habari za kiharusi mara nyingi kwenye kurasa za afya, na siku zote naandika kwamba mgonjwa arudie mazoezi kila siku. Sikuwahi kuandika jinsi mazoezi hayo yanavyochosha roho. "Mimi nimefungua injini za ndege," alimwambia mwanawe, "leo nibane vibanio?"

Mwanawe akapita duka la vitu vya mitumba, akarudi na sanduku la zamani lenye vipande vya kuunganisha ndege ya Super VC10 kwa kipimo cha 1 kwa 144.

Hakukosea kuchagua. VC10 ilibuniwa kwa ajili ya njia za Afrika na Asia, kwenye viwanja vyenye joto, vilivyo juu, na vyenye barabara fupi za kurukia. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni mfano mzuri. Injini zake nne zimekaa mkiani, mbili kila upande, na mabawa yameachwa wazi ili yainue ndege upesi. Zilitengenezwa 54 tu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilinunua Super VC10 tano, na ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, mwaka 1970, ilikuwa ya kwetu. Iliandikishwa Tanzania kwa herufi 5H-MOG.

Baba mkubwa aliifahamu kwa mikono yake. Mwaka 1974 alikuwa kijana anayejifunza ufundi kwenye karakana za Embakasi. Wakati huo zilibaki nne, kwani moja ilianguka Addis Ababa Aprili 1972 na watu 43 wakafariki. Mapema 1977 shirika likafa, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, naye akarudi Dar es Salaam na sanduku moja la nguo. Hizi ni habari alizozisimulia kila Idi na kila msiba tangu nipate akili. Sikuwahi kuzisikiliza vizuri hadi nilipomwona akihangaika kukishika kipande cha gurudumu kidogo kuliko punje ya mchele.

Mkono ulikataa, kwa hiyo akamwita mjukuu. Babu alisoma mchoro na kuelekeza, mtoto akakata vipande kutoka kwenye fremu, akasugua kingo kwa msasa na kupaka gundi. Kazi zisizohitaji wepesi, kama kushikilia mwili wa ndege gundi ikauke, zilikuwa za mkono wa kulia wa babu. Dakika tano, kisha kumi. Ilipofika wiki ya pili aliweza kukamata kibano, na hakuna aliyemwambia kwamba yale ni mazoezi.

Mzazi unayetaka kujaribu, nina mambo machache ya kukwambia kama mwandishi wa afya, kisha nirudi kwenye safari. Gundi ya kazi hii huyeyusha plastiki na mvuke wake si wa kuvuta kwenye chumba kilichofungwa. Dirisha liwe wazi hata kama ni baridi. Msasa utumike na maji ili vumbi lisiruke. Vidole vikigandana kwa ile gundi kali ya papo hapo, usivivute: loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, uviachanishe taratibu. Masanduku mengi huandikwa miaka 8 na kuendelea, na mdogo wa chini ya miaka mitatu asiwe karibu na vipande hivyo.

Niliingilia kati mara moja tu. Kwa kuwa injini ziko nyuma, ndege hii ya mfano hukaa kwa mkia kama kuku anayeatamia usipoweka uzito puani. Baba mkubwa alitoa chubwi za risasi, zile za mishipi ya wavuvi, akataka mtoto azigonge ziingie. Nikamwambia hapana, risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Alininung'unikia kwamba wao walikua wakizing'ata kwa meno. Tukatumia nati ndogo za chuma, na pua ikakaa chini.

Alhamisi ndiyo siku rangi nyeupe ilipokauka. Babu alikuwa tayari na picha: 5H-MOG kama alivyoiacha, na simba mwenye mabawa wa shirika lile. Mtoto naye alikuwa tayari na yake. Babu huyohuyo ndiye aliyemsimulia kwamba tarehe 5 Juni 1963, Nairobi, Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza nia ya kuunda shirikisho la nchi moja, na lilikuwa litimie mwaka uleule.

"Babu, mimi nataka kutengeneza kama walifanya," alisema kwa Kiswahili chake cha Wolverhampton. "Nchi ipo. Ndege ni ya jeshi lake."

"Nchi hiyo haipo."

"Ndiyo, lakini kama."

"Mimi sibandiki uongo kwenye ndege niliyoifanyia kazi."

Mtoto akasema mikono iliyoijenga ni yake. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Babu aliinuka mezani. Nilibaki nimeshika brashi, nisijue nimfuate nani.

Jumamosi tulishuka kwanza Cosford, kwenye makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza. Kuingia ni bure, na nje imesimama VC10 nzima. Si ya kwetu, hii ilikuwa ya jeshi hilo tangu mwanzo, namba XR808, lakini ni ukoo uleule. Baba mkubwa alitembea na fimbo yake hadi chini ya mkia ule mrefu, akainua uso, akakaa hivyo muda mrefu hadi nikaanza kuhofia shingo yake.

Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na nadhani hata mwanawe hakulijua. Shirika lilipokufa, zile nne zilirudi Uingereza. Jeshi la Anga likazinunua, likazigeuza matangi ya kuzipa ndege nyingine mafuta angani, likazipa namba ZA147 hadi ZA150. Ile 5H-MOG ndiyo ikawa ZA150. Iliruka hadi Septemba 2013, miaka 36 baada ya Jumuiya kuvunjika, na sasa imehifadhiwa Dunsfold, kusini mwa nchi.

Mtoto alisahau kwamba wamenuniana. "Kwa hiyo Babu, walibandika duara la Uingereza juu yake?"

"Walibandika."

"Kama ya Uingereza inaweza, kwa nini yetu haiwezi?"

Baba mkubwa hakujibu. Aliuliza penye benchi.

Ndani ya jengo tuliikuta ndege nyingine, nyeupe na nyembamba kama sindano: TSR-2. Iliruka mara ya kwanza Septemba 1964, serikali ikaufuta mradi Aprili 1965. Ni moja tu iliyowahi kuruka, na hiyo ikaishia kuwa shabaha ya mazoezi ya risasi. Hii ya Cosford haikuonja anga kabisa. Nilipofika Telford, vituo viwili mbele, nilielewa kwa nini wapenzi wa ndege za mfano hawachoki nayo: humo ukumbini niliona TSR-2 zilizovaa rangi za vita ambavyo hazikupigana na alama za nchi ambazo hazikuzinunua.

Maonyesho ya Telford hufanyika kila Novemba na huandaliwa na chama cha waunganishaji wa plastiki kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1963. Mwaka uleule, nikawaza, wa tangazo la Nairobi. Kuna meza baada ya meza, na watu wanainama mikono ikiwa nyuma, kwa sababu hakuna anayegusa. Nilitarajia ukumbi wa watoto na nikakuta wastaafu, wengi wakiwa peke yao. Wengine walinikumbusha wazee wa bao pale kwetu, walewale wasiotaka kurudi nyumbani mapema.

Meza ya watu wa "ingekuwaje" tuliifikia mchana. Hawa huchukua ndege ya kweli na kuivalisha historia isiyotokea, na sharti lao ni moja, hadithi ishikike. Mzee mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kipajini, alitazama ndani ya katoni yetu. Hakucheka. Alimuuliza mtoto nchi hiyo ilizaliwa lini, ina pesa ya kununua ndege ngapi, na alama yake ikoje.

Mtoto hakuwa na alama. Mzee akamweleza mambo mawili. La kwanza, duara lina sababu. Wafaransa walilitumia kabla ya Vita vya Kwanza. Waingereza walianza kwa kuchora bendera yao, lakini kwa mbali msalaba wake ulifanana na wa Wajerumani, askari wakafyatulia ndege zao wenyewe. Mwaka 1914 wakachukua duara la Wafaransa na kugeuza mpangilio wa rangi. Alama mbaya, alisema, inaua rubani wako. La pili, mashine ya kuchapishia ya nyumbani haina wino mweupe, kwa hiyo chapisha juu ya karatasi nyeupe ya dikali, ipake vanishi, iache ikauke, ndipo uiloweke. Ukiruka vanishi, wino unaondoka na maji.

Jioni, kwenye mkahawa wa kituoni, mtoto aliomba kalamu yangu na kuchora jedwali nyuma ya risiti. Alianza na nchi zote nane za Jumuiya ya leo, akakuta hakuna rangi hata moja inayopatikana kwenye bendera zote nane. Nikamwambia mwaka 1963 mazungumzo yalikuwa ya nchi tatu. Akafuta tano.

Sijui kama kuna mtu aliyepanga hivi, lakini ndivyo ilivyo. Kenya na Uganda zina nyekundu. Kenya na Tanzania zina kijani. Uganda na Tanzania zina njano. Nyeusi iko kwenye zote tatu. (Nyeupe nayo ni ya Kenya na Uganda, ila ya Uganda ni kile kiduara cha korongo tu, akaamua haihesabiki.) Alichora kiini cheusi, akakizungushia nyekundu, kijani na njano. Hakuonyesha mtu. Aliiacha risiti mezani karibu na kikombe cha babu yake, akaenda msalani.

Baba mkubwa aliivuta kwa mkono wa kulia. Aliitazama hadi chai ikapoa.

"Na Zanzibar je?" aliuliza mtoto aliporudi.

"Zanzibar ni Tanzania, Babu."

"Ile buluu kwenye bendera yetu ilitoka Zanzibar. Bibi yangu mimi alizaliwa Unguja. Ukianza kuunganisha nchi usiache visiwa nje."

Mtoto akaongeza ukingo mwembamba wa buluu. Babu akasema mwembamba mno, kwa kipimo cha 1 kwa 144 hautaonekana. Wakabishana juu ya nusu milimita njia nzima hadi Wolverhampton.

Jumatano tulibandika. Duara lenyewe lilikuwa la sentimita moja. Baba mkubwa alikataa lisikae juu ya mlango, eti mlango ukifunguliwa alama inakatika vipande viwili na hakuna fundi angeruhusu. Alidai simba mwenye mabawa abaki mkiani. Mtoto akakubali, kwa sharti kwamba simba ameajiriwa jeshini. La upande wa kushoto alibandika mtoto. La kulia babu aliomba abandike mwenyewe. Lilikunjika, likalowekwa tena, likakunjika. Mara ya tatu alilitelezesha kwa ncha ya brashi yenye maji, mkono ukitetemeka, hadi likakaa. Limepinda kidogo kuelekea puani. Mtoto aliona, nami niliona.

Zikabaki herufi za usajili. Tanzania ni 5H, Uganda 5X, Kenya 5Y. Mtoto akauliza nchi yao ingepewa ipi. Baba mkubwa alivua miwani, akafikiri, akasema hilo lingewachukua viongozi mwaka mzima kukubaliana, na kwa usiku ule paachwe wazi.