Kungoja Mpakani

Msomaji wangu, kumkimbilia aliaye ni tabia njema, lakini mbele ya moto tabia hiyo yataka lijamu. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo, na watu wakaja kuchota mafuta. Moto ulipolipuka walikufa zaidi ya 100. Petroli haimtambui aliyekuja kuchota wala aliyekuja kuokoa.

Kwa hiyo nifundishapo huduma ya kwanza jioni, huanza na jambo wasilolipenda wanafunzi: kusimama. Zimamoto hutangulia, wakitokea upande utokako upepo, kwa kuwa wao wana mavazi na maji. Wauguzi wa kujitolea hungoja nje ya mpaka aliouweka mkuu wa zimamoto, na majeruhi huletwa hapo wakakabidhiwa. Mwuguzi asiyengoja huongeza majeruhi mmoja. Mpakani kazi yake huwa ya haraka: anayehitaji msaada upesi hufungwa utepe mwekundu, awezaye kungoja wa manjano, atembeaye wa kijani. Palipoungua humiminiwa maji baridi yatiririkayo kwa dakika 20. Siagi na dawa ya meno, ambazo majirani huwa nazo tayari daima, hukataliwa kwa adabu.

Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na kama aliaye ndani ni mama yangu?"

Nilimjibu, "Utangoja, na utawaonyesha zimamoto mahali ulipoisikia sauti yake."

Hakuridhika, wala sikumlaumu.