Mama Fua Akiwa Mgeni

Kama umesoma JKUAT, huenda mamangu alishawahi kufua jinzi zako. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mama fua huku Gachororo, anazunguka hosteli moja hadi nyingine na kulipwa kwa beseni. Blanketi bei yake ni kando. Hizo pesa ndizo zilinilipia karo, kwa hivyo nilipopata kazi ya maana nilitaka alale siku nne mahali ambapo hakuna kitu cha kufua. Baharini, nikasema. Tena nchi nyingine kabisa, ili asipigiwe simu ya "Mathe, unaweza kuja leo?"

Tukaenda Tanga. Majirani wa ploti walicheka sana: ng'ambo gani hiyo watu wanaenda kwa basi? Lakini pasipoti yake iligongwa muhuri Horohoro, na kabla hatujafika mjini alikuwa ameifungua mara tatu kuuangalia ule wino.

Karibu na Amboni tulianza kuona mashamba ya mkonge, na Mama akaacha kuongea. Cucu alikata makonge upande wa Thika, na Mama anakumbuka alivyokuwa akirudi jioni, mikono imekwaruzwa hadi viwikoni. Mkonge si mmea wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliuleta Tanganyika mwaka 1893, kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 iliyoanza safari, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Sitini na mbili! Fikiria ni mikono mingapi imechomwa na miiba kwa ajili ya hiyo sitini na mbili.

Hoteli ilikuwa Raskazone. Kwenye simu walisema ni "suite". Tulichokuta ni chumba chenye vitanda viwili na neti, kisebule, na jiko la gesi la mafiga mawili, yaani bedsita ya Gachororo iliyobahatika kupewa bahari. Feni ilikuwa na kelele. Sikulalamika, maana ukifungua dirisha unaona ghuba yote, meli zikingoja zamu bandarini na kile kisiwa cha Toten kimekaa katikati na miti yake.

Asubuhi ya kwanza nilitoka kuoga nikakuta vitanda vyote viwili vimetandikwa, changu pia. Jikoni kumepanguswa. Taulo zimesuuzwa, ziko kwenye reli ya baraza. Saa tatu dada wa usafi akabisha.

"Shikamoo, mama."

"Mzuri sana," Mama akajibu.

Dada akatabasamu, akaingia, akatazama huku na huku. Tabasamu likapungua. "Mama, sasa mimi nifanye nini? Hii ndiyo kazi yangu. Msimamizi akiona wageni wanajifanyia, ataniuliza nilikuwa wapi."

Mama hakuwa amewaza hivyo. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu kwa watu. Kisha akauliza, "Unalipwa kwa chumba ama kwa mwezi?"

Kwa mwezi. Dada akataja kiasi, Mama akakigeuza kimyakimya kuwa shilingi za Kenya na asiseme lolote. Akauliza mashuka yanafuliwa wapi. Nyuma, kwa mkono, mashine ilikuwa imeharibika. Sabuni gani? Hapo ndipo waliponisahau. Mama akamwambia apake mafuta mikononi kabla ya kufua, asingoje hadi baadaye. Shuka lenye doa la damu liloweshwe kwa maji baridi, la moto linalipika doa. Akamwonyesha vifundo vya vidole vyake, na dada naye akaonyesha vyake. Nimeishi na yule mama maisha yangu yote na sikuwahi kumsikia akiongea kuhusu kufua hivyo, kama fundi.

Kuanzia siku hiyo dada akawa anamaliza na chumba chetu. Alimfundisha Mama kuitikia "marahaba". Mama aliipenda mno, akawa anaitikia hata watoto wa ufuoni kabla hawajamwamkia.

Jioni aliingia baharini hadi magotini, leso ameikunja. Alikuwa na miaka hamsini na nne na hakuwa ameona bahari. Nilingoja aseme kitu kikubwa. Akateka maji kwa kiganja, akayaonja, akatema.

"Haya hayafui kitu," akasema. "Sabuni haiwezi kutoa povu."

Lakini alikaa mle hadi giza likaingia.

Asubuhi ya kuondoka nilibeba mabegi hadi mlangoni. Mama alikuwa amesimama ndani, anaangalia kitanda chake. Shuka limejikunja, mto uko chini, neti inaning'inia upande mmoja. Mkono ulimtoka kidogo, akaurudisha ndani ya leso.

"Twende," akasema. "Twende haraka."