Ukurasa wa Sitini na Nne

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo nimeiandika katika insha zangu tangu darasa la sita, tena kwa mwandiko wa kupendeza, na alama nimepewa. Maana yake sikuijua hadi mwezi wa Machi mwaka huu wa 2026, asubuhi niliyomkuta ndugu yangu mdogo nyuma ya zizi la ng'ombe, sare amevaa, mkoba mgongoni, na safari ya shuleni hana.

"Unafanya nini hapa?" nilimuuliza.

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Hesabu ipite kwanza, ndiyo niende."

Nilipigwa na butwaa. Huyu si mtoro hata kidogo. Yuko gredi ya nane katika sekondari msingi iliyo ndani ya shule ya msingi ya pale kwetu, upande wa Runyenjes, na hesabu ndilo somo alilokuwa akijigamba nalo mpaka anatuchosha wakati wa chakula. Nilimvuta mkoba, nikatoa daftari. Kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa kulikuwa na maswali kumi ya uwiano, yamepigiwa mistari kwa rula, majibu yote sahihi. Chini yake, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika: "Hii si kazi niliyotoa."

Wacha nieleze ilivyokuwa. Mama yetu ni mzaliwa wa Imenti, na nyanya yetu anaishi karibu na Nkubu. Mwezi huo nyanya aliugua. Mama akapanda matatu ya barabara ile ya Embu kwenda Meru, inayopita Chuka, akaenda kumuuguza, na ndugu yangu akamchukua ili awe akiteka maji na kuchunga mbuzi. Mimi niliachwa na Baba na ng'ombe, kwa sababu ati kidato cha tatu hakikosi shule. Gredi ya nane nayo? Hakuna aliyeuliza. Walikaa huko siku tisa za shule.

Mwalimu wa hisabati wa ndugu yangu si mtu wa kusahau. Kila jioni huandika kazi ya nyumbani katika kundi la wazazi kwenye WhatsApp. Jambo zuri kabisa, ila simu ya Mama ni ile tunayoiita mulika mwizi, ya kupigia na kumulikia njia ya chooni. Baba naye ana simu kama hiyo, tena kioo chake kimepasuka. Kwa hiyo ujumbe huu ulikuwa na safari yake. Mwenye duka aliye jirani yetu ana simu ya kisasa na mtoto katika gredi hiyo hiyo. Akiwa na bando, anasoma. Akikumbuka, anampigia Mama. Mama anapokea huku anamkorogea nyanya uji, hana kalamu, anasema "sawa, sawa", kisha anangoja hadi jioni mtoto arudi na mbuzi amwambie.

Basi siku moja mwenye duka alisema ukurasa wa sitini na nne, nambari moja hadi kumi. Ilipofika jioni, Mama akasema ukurasa wa arobaini na sita. Tarakimu ni zile zile, zimebadilishana viti tu. Ndugu yangu alifungua ukurasa wa 46 akakuta uwiano, kitu alichokwisha kukifanya na kukielewa, akafurahi mno. Alifanya yote kumi kwa mwanga wa taa ya nyanya. Aliporudi shuleni akapeleka daftari mbele akitazamia sifa. Mwalimu alidhani amekwepa kazi ngumu akajichagulia rahisi. Darasa zima likacheka.

Mwalimu simlaumu. Sisi wenyewe, tungeletewa daftari kama hilo, tungefikiri nini?

Ninayemlaumu zaidi ni mimi. Nilikuwa nyumbani siku zote tisa. Duka liko mwendo wa dakika tano kutoka kwetu; nilikuwa nikipita hapo asubuhi na jioni, nikinunua chumvi na kiberiti, na sikuuliza hata siku moja, "Gredi ya nane wamefanya nini leo?" Nilikuwa na hesabu zangu.

Jioni hiyo niliamua kurekebisha mambo. Nikafungua ukurasa wenyewe, 64, nikamwambia afanye sasa, kazi ndiyo hii hapa, imefika. Alitazama ukurasa muda mrefu. Kulikuwa na milinganyo: 3x + 4 = 19, na mingine ya kufanana na huo. Akaniuliza, "Hii x ni ya nini?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata kama Mama angekumbuka nambari barabara, haingemsaidia. Ujumbe wote uliotumwa siku zile tisa ulihusu kazi ya nyumbani. Kazi ya darasani haikutumwa na mtu yeyote. Aliambiwa afanye nini, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kufanya. Katika masomo mengine pengine mtu anaweza kujisomea kitabu akafika. Hesabu haitaki hivyo. Ukikosa Jumanne, Jumatano inazungumza lugha usiyoijua, na Alhamisi unaanza kutafuta zizi la kujificha.

Nikajitia ualimu. Nikamwambia, "Rahisi! Hii 4 ipeleke upande wa pili, ibadilishe alama. Inakuwa 19 toa 4, 15. Gawanya kwa 3, ni 5." Ndivyo nijuavyo mimi. Akafanya vile, akapata. Kesho yake alirudi amenuna kuliko mwanzo. Kumbe mwalimu wao alikuwa amewafundisha kwa mizani: unachoondoa upande mmoja, uondoe na upande wa pili, ili mizani isiinamie popote. Alipoulizwa ile 4 "ilibadilika alama" kwa nini, alibaki kimya, maana hata mimi sikuwa nimemwambia kwa nini. Sasa alikuwa na njia mbili na haelewi hata moja.

Jumamosi tulienda wote wawili dukani. Yule mwenye duka bado anayo mizani ya zamani ya sahani mbili, anapimia maharagwe. Tulimwomba ruhusa akatuachia, ila akasema tusimvurugie mawe yake. Tukatwaa mifuko mitatu midogo iliyojazwa maharagwe sawasawa, tukaweka upande mmoja pamoja na mawe manne, na upande wa pili mawe hadi zikalingana. Kisha ndugu yangu akaondoa mawe manne huku, mizani ikainama. Akaondoa manne kule, ikatulia. Akaniangalia. Sikusema neno. Akagawa mawe yaliyobaki mafungu matatu, kila mfuko na fungu lake. Wateja wawili walikuwa wamesimama wanatazama, wakifikiri tunapima kitu cha kuuza.

"Sasa x ni mfuko," akasema. "Si wangesema tu!"

Aka! Walisema, naye alikuwa Nkubu na mbuzi.

Msomaji, hapa ningeweza kukomesha habari hii na kuonekana dada mwema. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu lile swali lake, "Hii x ni ya nini?", lilinikumbusha swali jingine nililoulizwa nikiwa darasa la nane.

Sisi wa kidato cha tatu mnatujua: hatuna mtu nyuma yetu. Tulifanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, mtihani ulioanza mwaka 1985, na KCSE yetu ya mwaka 2027 ndiyo iliyopangwa kuwa ya mwisho katika mfumo wa 8-4-4. Kidato cha pili hakipo mwaka huu. Waliotufuata wameingia gredi ya kumi mwezi wa Januari, na vitabu vyao si vyetu. Darasa la nane mwaka ule lilikuwa vivyo hivyo. Aliyeanguka hakuwa na darasa la kurudia.

Nilikuwa kiranja wa hisabati. Kazi yangu ilikuwa kuandika kazi ya nyumbani kwenye pembe ya ubao, na mwanafunzi akikosa, nimpelekee kama anaishi njia yangu. Mwenzangu wa dawati alikosa siku kumi na moja muhula wa pili. Baba yake alikuwa mgonjwa naye akabaki na watoto wadogo. Aliishi njia yangu. Tena tulikuwa tukishindania nafasi ya kwanza, muhula huu yeye, muhula ujao mimi. Mama yake alinikuta njiani mara tatu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo mmepewa kazi gani ya hesabu?" Nami mara zote tatu nikamjibu kwa adabu kabisa, mikono nyuma, "Leo hatukupewa, Mama."

Tulipewa. Tulikuwa tunafanya mwendo na umbali, magari yanayotoka miji miwili na kukutana njiani. Nilikuwa na mifano yote kwenye daftari langu, imepangwa vizuri.

Aliporudi tulikuta jaribio mezani. Alisoma karatasi, akaniinamia, akanong'ona, "Hii mlifundishwa lini?"

Nikasema, "Sijui. Nafikiri sikuwepo."

Nikawa wa kwanza. Sisemi kwamba ni mimi niliyeharibu KCPE yake; ule mtihani ulikuwa na maswali 50 ya hesabu, si mawili ya magari, na alikuwa na matatizo mengine mengi nyumbani. Lakini najua kwamba tangu siku hiyo aliacha kuinua mkono katika somo la hesabu. Sasa yuko katika shule nyingine ya kutwa. Tunaonana stendi, ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za Mama. Sijamwambia. Nimeandika hapa kwanza kwa sababu karatasi haina macho. Jarida hili likitoka nitampelekea nakala yeye kabla sijampa mtu wa nyumbani.

Nirudi kwa ndugu yangu. Nilimwendea mwalimu wake siku moja jioni tulipofungua shule mapema kwa ajili ya michezo. Nilitetemeka kidogo, ila alinipokea vyema. Nilimweleza habari ya 64 na 46, akacheka hadi akatoa miwani, kisha akanyamaza. Akasema yeye hutazama kwenye simu ni wazazi wangapi wameuona ujumbe, na akiona wengi wameuona hulala kwa amani. Hakuwahi kufikiria wale ambao hawamo kabisa katika kundi. Anafundisha masomo kadhaa, gredi ya saba, ya nane na ya tisa. Akianza kuzunguka nyumba kwa nyumba hatafika kwake.

Mimi nilimwambia jambo moja nililolijua mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Nilikuwa darasa la tano. Masomo ya KICD yalikuwa yakitangazwa katika redio ya KBC na katika runinga. Sisi tulikuwa na redio tu. Kiswahili nilikisikiliza kwa raha. Ilipofika hesabu, tukaambiwa tuchore pembetatu, na wakati natafuta rula wamekwisha kuhamia kona ya pili. Haikuwa kosa la mtangazaji. Hesabu inataka kuonekana, na inataka kukungoja.

Tulichokubaliana ni kitu kidogo sana. Daftari moja, limetobolewa na kufungwa kamba, linaning'inia kwenye msumari pale dukani. Kila siku mtoto mmoja wa gredi ya nane wa njia ile anaandika tarehe, walichofanya darasani, mfano mmoja mzima wa ubaoni, hatua kwa hatua kama mwalimu alivyoandika, ndipo kazi ya nyumbani. Nambari ya ukurasa inaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno pia, kama hundi ya benki. Kabla ya kulipeleka dukani, mwalimu hulipitia kwa dakika moja na kutia sahihi. Mwanzoni liliibwa mara moja, nadhani kwa ajili ya karatasi za kuwashia moto. Wiki za mvua liliroa. Siku nyingine mwandishi ni mvivu, anaandika "tulifanya hesabu", basi. Mwenye duka analalamika kwamba watoto wanasimama mlangoni wakinakili bila kununua hata peremende.

Ndugu yangu hajifichi tena, ingawa hajarudi kujigamba wakati wa chakula. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yake ya kuandika. Kuna msichana katika darasa lao aliyekuwa nyumbani na matubwitubwi. Nilisimama dukani nikasoma alichoandika: eneo la duara, mchoro kwa bikari, hatua nne, na pembeni amechora mshale na maneno haya, "Hapa ndipo wengi tulikosea, tulisahau kugawa kipenyo kwa mbili." Chini kabisa: ukurasa wa 91, tisini na moja, si kumi na tisa.