Nyumba za Wajane za Brugge

Wamama wapenzi, tangu niliporudi wengi mmeniuliza: "Mwalimu, huko Ulaya uliona nini?" Nimewaambia habari za treni na baridi, mkacheka. Leo nataka kuwaeleza siku moja tu, kwa sababu inahusu jambo letu.

Dada yangu mkubwa anaishi Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji. Jumamosi moja alikuwa kazini, akanipa tikiti ya treni na kitabu kidogo cha wageni, akasema: "Nenda Brugge, mdogo wangu. Ni mwendo wa saa moja. Mji wenyewe utauzunguka kwa miguu." Mimi mtu wa Bukavu, ninayepanda na kushuka mlima kila asubuhi kwenda masomoni, nikajibu kwamba kutembea si shida.

Kutoka kituoni nilifuata watu. Barabara ni nyembamba, zimepangwa mawe madogo, na watu wamejaa kama soko la Kadutu. Kila unapopita unakutana na maji: mifereji inazunguka katikati ya nyumba, na mashua za wageni zinapita chini ya madaraja ya mawe. Daraja likiwa chini sana, abiria wote wanainamisha vichwa pamoja, kama watoto wa kalasi ya kwanza wakisali.

Kwenye soko kuu kuna mnara wa metre 83, wenye ngazi 366 na kengele 47. Nilipoona bei ya kupanda, nikatosheka kuuangalia kutoka chini.

Nikakaa kando ya maji nikasoma kitabu changu. Zamani mji huu ulikuwa tajiri sana. Njia ya maji iitwayo Zwin iliuunganisha na bahari, na wafanyabiashara walitoka hata Italia. Halafu mchanga ukaiziba ile njia, wafanyabiashara wakahamia Antwerpen, na Brugge ikabaki maskini kwa miaka mingi. Watu hawakuwa na pesa za kubomoa na kujenga upya, basi nyumba za zamani zikabaki. Leo ndizo zinazowaleta wageni.

Saa nane hivi nilipotea. Nilikuwa nikiufuata mnara wa kanisa la Bikira Maria, lakini kila mtaa ulipinda na kunirudisha kwenye maji. Miguu ikaniuma. Nikaona mlango mdogo uliokuwa wazi, nikaingia kutafuta mahali pa kukaa.

Ndani palikuwa kimya. Palikuwa na bustani, pampu ya maji ya zamani, na nyumba ndogo nyeupe zilizoshikana. Zilijengwa mwaka 1613. Bibi mmoja alikuwa anamwagilia maua. Nikamwamkia kwa Kifaransa na kuomba samahani. Akanionyesha benchi, akaanza kunieleza polepole. Nyumba kama hizi ziko nyingi mjini. Zilijengwa na matajiri na vyama vya mafundi kwa ajili ya wajane na wazee wasio na pa kwenda. Wakaaji walitakiwa kumwombea aliyewajengea. Siku hizi ofisi ya mji inazisimamia, na wazee bado wanakaa humo, yeye akiwa mmoja wao.

Kisha akaniuliza: "Na kwenu, mjane anakaa wapi?"

Wamama, mnajua kwa nini nilinyamaza. Mnakumbuka mkutano wetu kabla sijasafiri. Mwenzetu mmoja, simtaji jina, alikuwa amefiwa na mume. Hata miezi miwili haikuisha, mashemeji wakachukua parseli, yeye na watoto wanne wakatoka na godoro na sufuria. Mama mmoja kati yetu akaomba tutoe pesa kwenye sanduku, tumpangishie chumba. Mimi nilisimama. Nilisema sanduku ni la uzazi, la msiba na la likelemba, na kwamba tukianza mambo ya nyumba hatutamaliza. Mkanisikiliza kwa sababu mimi ni mwalimu, najua kupanga maneno. Jambo likaanguka. Mwenzetu akaenda kulala sebuleni kwa kaka yake pamoja na watoto. Hadi leo ananiamkia vizuri.

Nilimjibu yule bibi: "Anakaa kwa ndugu zake, kama wanamkubali." Akatikisa kichwa tu, akaendelea na maua yake.

Nikirudi kituoni nilipita mahali pengine penye nyumba nyeupe na miti mirefu. Mwaka 1245 Margaret wa Constantinople, mwanamke aliyetawala jimbo la Flanders, alipaanzisha kwa ajili ya wanawake walioitwa Begijnen. Walisali na kuishi pamoja bila nadhiri za maisha yote, na aliyetaka kuolewa aliruhusiwa kutoka. Walijilisha kwa kazi za mikono yao. Nilisimama pale mpaka nikakaribia kuchelewa treni.

Sisemi Ulaya ni mbinguni. Nasema watu wa kule walikaa wakahesabu vyumba wakati mimi nilikuwa nahesabu sababu za kukataa. Hata sheria yetu ya familia ya mwaka 1987 inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Hatukumsindikiza hata kuiuliza haki hiyo.

Naomba jambo lile lirudi mbele ya mkutano Jumapili hii. Tumpangishie chumba kwa miezi sita, na wawili wetu wamsindikize kutafuta karatasi zake za ndoa. Dada alinipa dola ishirini za kununua dantela na chokoleti za Brugge. Sikununua. Nitazitia sandukuni mbele yenu.

Na wewe mwenzetu, ukisoma maneno haya, naomba unisamehe.