Nipe Mji, Sir Graham

Mfalme Edward wa Daventry ni mzee, anakaribia kufa na hana mtoto. Hazina tatu za ufalme wake zimepotea kwa hila za watu: kioo kinachoonyesha yajayo, ngao inayomkinga aliyeishika, na kasha la dhahabu ambalo haliishi hata uchote vipi. Anamwita Sir Graham na kumtuma akazirudishe, akifaulu arithi kiti. Lakini kwanza Graham inabidi afike mbele ya huyo mfalme. Mchezo unamweka nje ya kasri, kando ya handaki la maji, na ukikosea hatua mbili tatu anatumbukia na kuliwa na wanyama waliomo. Umekufa hata hujapiga hodi.

Huu ni King's Quest, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 1984. Aliyeubuni ni Roberta Williams, ambaye pamoja na mumewe Ken walianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Sierra On-Line huko California. IBM ndio walioagiza mchezo huu, wakitaka kitu cha kuitangaza kompyuta yao ndogo ya nyumbani, PCjr. Kompyuta yenyewe haikudumu sokoni, mchezo ukadumu. Ajabu yake kwa wakati ule ilikuwa kwamba Graham anatembea ndani ya picha. Anapita nyuma ya mti, anatokea upande wa pili. Rangi kumi na sita tu, na kila kitu kina kona kama kimejengwa kwa matofali. Leo unauchezea kwenye laptopu yoyote kwa msaada wa programu kama ScummVM, na ndivyo ninavyoucheza mimi, usiku, kazi zikiisha.

Kiswahili hakina neno moja la mtu kama Graham. Ukitafuta utapewa maelezo: askari wa zamani wa Ulaya, mpanda farasi, mwenye cheo. Kwenye sataranji tumeamua kumwita farasi, mpandaji tukamwacha. Graham naye yuko kinyume: ni mpanda farasi asiye na farasi. Anazunguka ufalme mzima kwa miguu, na ufalme wenyewe ni duara, maana ukienda mashariki bila kusimama unarudi pale pale ulipoanzia.

Mishale ya kibodi inamtembeza. Mengine yote unaandika, kwa Kiingereza, kwa amri fupi za maneno mawili matatu. Tazama mti. Sukuma jiwe. Mpe mbuzi karoti. Mchezo ukilijua neno, jambo linatendeka. Usipolijua, unakwambia haukuelewi, na unabaki unakuna kichwa: kosa ni la wazo au la neno? Kwa mtu anayependa lugha, hapo ndipo penye utamu na ndipo penye adhabu. Kuna bakuli moja limelala porini. Ukilitazama ndani unakuta limeandikwa neno moja, lenye maana ya kujaza. Liandike neno hilo, na bakuli linajaa mchuzi. Bakuli hilo unampelekea mkata kuni na mkewe waliolala njaa, nao wanakupa fidla yao. Yaani neno limekuwa chakula, chakula kimekuwa muziki.

Huwa najiuliza mchezo huu ungekuwaje kama ungesikiliza Kiswahili. Kwetu kitenzi kinajua kinagusa nini kabla hujakitaja. Lisukume: tayari ni jiwe, au gogo. Ufungue: mlango. Mfungue: hapo ni mtu, na amefungwa kamba. Mwandishi wa programu angepata kazi ya ziada, ila mchezaji angeweza kucheza nusu ya safari kwa neno moja moja.

Kitu cha pili kilichonivuta ni aina ya ushujaa unaotakiwa. Ukisikia askari wa kale na joka, unasubiri upanga. Graham upanga hana, ana kisu alichokikuta kwenye shimo chini ya jiwe. Joka linalolinda kioo unaweza kuliua kwa kisu hicho, na mchezo unaendelea kama kawaida. Lakini ukilimwagia ndoo ya maji, moto wake unazimika, linaondoka zake, na wewe unapata pointi nyingi zaidi. Jitu la mawinguni lenye kasha la dhahabu unaweza kulipiga kwa kombeo. Bora zaidi ujifiche usubiri lisinzie. Zimwi la darajani unaweza kulihonga hazina, lakini mwenye akili anamvuta mbuzi kwa karoti, mbuzi analipiga pembe zimwi, kwisha kazi. Vijitu vinavyoilinda ngao vinapigiwa fidla, vinacheza mpaka vinatoweka. Pointi zote ni 158, na huzifikii kwa kuua ovyo. Aliyekulia kwenye hadithi za Sungura na Abunuwasi hapa hashangai. Huyu Graham tunamjua, kabadilisha kofia tu.

Sasa tufike kwa kizee. Ukilivuka daraja la zimwi unakuta kisiwa kidogo, na kizee kifupi kinakupa nafasi tatu za kutaja jina lake. Ukipatia, anakupa maharage ya ajabu, unayapanda, mmea unakua hadi mawinguni. Dokezo lipo kwenye karatasi ndani ya nyumba ya ajuza mchawi: kuna wakati ni busara kufikiri kinyumenyume. Basi. Jina linalotakiwa ni Rumpelstiltskin, la kile kijitu kinachosokota nyuzi za dhahabu kwenye hadithi waliyoichapisha ndugu wa Grimm, Ujerumani, mwaka 1812. Ila usiliandike hivyo, wala usiliandike kuanzia mwisho. Unatakiwa uipange alfabeti kinyume, A iwe Z, B iwe Y, kisha uliandike jina zima kwa herufi hizo, zikiwa kumi na tano ambazo hata kutamka haziwezekani. Wachezaji walilalamika miaka na miaka. Sierra walipoutengeneza upya mwaka 1990 walilegeza, ikatosha kuandika jina kutoka nyuma kwenda mbele.

Lawama zote nilizozisoma ni za alfabeti. Kwangu mlango ulikuwa umefungwa kabla ya hapo. Mchezo hausemi popote kwamba kizee huyu ni yule wa hadithi. Unategemea ulihadithiwa ukiwa mdogo. Zimwi na mbuzi ni hadithi ya Norway. Nyumba ya keki na ajuza anayesukumwa kwenye tanuri ni ya Grimm tena. Maharage ni ya Uingereza, vijitu ni vya Ireland. Roberta Williams alichukua alichosimuliwa na kukisoma yeye, akakifanya funguo za milango. Silaumu, kila msimulizi hufanya hivyo. Lakini ukiwa umesimama kisiwani na nafasi zako tatu, huna unachokumbuka, unaelewa kwamba swali halipimi akili yako. Linauliza bibi yako alikuwa nani.

Kwetu kuna utaratibu wa jambo hili. Kitendawili! Tega! Ukishindwa, hakuna anayekufungia mlango. Anakwambia nipe mji. Unatoa mji, Tanga, Mombasa, wowote, anaupokea, anajigamba kidogo kwamba alikwenda huko akala na kunywa, halafu anakupa jibu. Nilipokuwa mdogo nimewahi kutoa pwani yote usiku mmoja, kutoka Lamu mpaka Mtwara. Kushindwa kulikuwa na bei, ila ilikuwa bei unayoweza kuilipa, na mwishoni ulibaki na kitendawili cha kumtegea mwingine. Sierra nao walijua watu watakwama. Wao waliuza vijitabu vya majibu. Mji wao ulikuwa unalipwa kwa dola.

Tangu hapo nimekuwa nikiusoma upya mkusanyiko wa Edward Steere wa hadithi za Unguja, uliochapishwa London mwaka 1870, na ninausoma kama mtu anayetafuta funguo. Mchukue Mkaajikoni, mtoto wa mwisho wa Sultani Majnuni. Kuna ndege anakula tende za sultani kila mwaka, kaka zake wanalinda mti na kupitiwa na usingizi. Yeye anakwenda na mahindi ya kukaanga, nusu kayachanganya na mchanga, ili usingizi ukimzidi ang'ate mchanga aamke. Baadaye anatoka kumtafuta nunda mla watu, yule paka wa sultani aliyeachwa akala kuku, akala mbuzi, mwisho akala watu. Kila mnyama anayemuua anamburura hadi nyumbani, na kila mara mama yake anamwambia siye huyo. Anarudi porini tena. Huo ni mchezo kamili, una kila kitu. Changanya mchanga. Ng'ata. Shika ndege. Mchezaji asiyemjua Mkaajikoni angesinzia chini ya mtende mara mia bila kujua kosa lake ni nini, na mtu wa Oslo angelalamika kwamba swali si la haki.

Nilikuwa nimeshajijengea hoja hiyo vizuri kichwani, wao na hadithi zao, sisi na zetu. Aliyeivuruga ni mpwa wangu, ana miaka kumi, alikuja kukaa kwetu likizo. Aliniona nimeingia nyumba ya keki, ajuza amerudi, amesimama mbele ya jungu lake. Hakuuliza mchezo gani.

"Mjomba, msukume kwenye oveni! Si huyu wa Hansel na Gretel?"

Nikamuonyesha kizee wa kisiwani. Jina alilijua, alilitoa kwenye katuni, na akalitamka vizuri kuliko mimi. Kuligeuza kwa alfabeti alilichukua kama mchezo mwingine, akachora herufi zake kwenye nyuma ya daftari, akapata. Tukapanda maharage. Milango ya Daventry kwake ilikuwa wazi yote.

Nikamuuliza kama anamjua nunda. Hamjui. Mkaajikoni? Hapana. Akanitazama kwa uso ule ule ambao nadhani mimi nilimtazama nao kizee.

"Ni nani, Mjomba?"

Nikamwambia, umeshindwa, nipe mji kwanza. Akauliza kutoa mji ndiyo kufanya nini. Ikabidi nizime laptopu tuanzie hapo.