Dawa ya Kijani ni Kijani

Wahenga walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Mpenzi msomaji, mimi nimeona kwa macho yangu kuwa dawa ya kijani nayo ni kijani.

Nyumbani kwetu Komarock tuna tangi la kioo la samaki, la lita 60, ambalo mjomba alituachia alipohama. Mna samaki saba wa mapambo na mimea ya majini. Kakangu mdogo, ambaye si msemaji sana, huketi mbele yake kila jioni akiwahesabu. Basi mwaka jana mwani ulivamia tangi lile. Kioo kiligeuka kijani kama chupa ya soda, majani yakavaa ute, samaki wakawa wa kuonekana kwa kubahatisha.

Mtu wa Eastlands anajua maana ya mgao wa maji. Bomba likikauka, ni mkokoteni na mitungi ya lita 20. Kumwaga maji yote na kusugua kioo kulikula mitungi mitatu, na baada ya siku chache, mwani huo tena! Mama akatoa hukumu: "Mimi sinunulii uchafu maji. Mwisho wa mwezi, hiyo kitu itoke." Usiku huo kakangu hakugusa chakula.

Nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia. Hakunipa dawa, aliniuliza swali tu: "Huo mwani unakula nini?"

Hapo ndipo siri ilipofichuka. Mwani hujitengenezea chakula kwa mwanga, yaani usanisinuru, tena huhitaji mbolea. Tangi lilikuwa dirishani, na hapa karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Mbolea je? Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nao bakteria huigeuza kuwa naitreti. Kumbe kusugua tu ni kumfukuza mgeni huku sufuria ingali mekoni! Hata Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953, watu waliendesha mashua humo. Maji taka yalipomiminika, gugu maji likapata mbolea na kulifunika.

Basi tukafanya mambo manne. Kwanza, tangi lilihamishiwa kona isiyo na jua, likawekewa taa ya saa 7 kwa siku. Pili, samaki walipewa chakula kidogo, cha kumalizwa kwa dakika 2. Tatu, kakangu alipanda mimea zaidi inayokua haraka, ili iunyang'anye mwani mbolea. Nne, kila Jumamosi tulitoa robo ya maji, lita 15, tukajaza mengine yaliyokaa ndooni siku nzima ili klorini itoke. Yale ya zamani tulimwagilia sukuma wiki za Mama kwenye magunia, maana naitreti ile ile ni mbolea.

Mwani haukuisha kwa siku moja. Wiki ya tatu kioo kilianza kung'aa. Mwisho wa mwezi Mama alichungulia tangi, akatazama sukuma zake, akasema, "Haya, ikae." Kakangu alicheka hadi akashika mbavu.

Mpaka leo kuna ute kidogo kwenye mawe, na hauna neno. Wenzangu, uchafu ukirudi kila mara, msiulize tu mtausugua kwa nini. Ulizeni unakula nini.